Seli shina za tezi ya maziwa ni nini?

Mfugaji wa Mbarara mwenye Friesian anajua kwamba ng'ombe hukaushwa, yaani huachwa kukamuliwa, yapata siku 60 kabla ya kuzaa. Akikamuliwa mfululizo hadi siku ya kuzaa, maziwa ya uzao unaofuata hupungua. Chanzo kimo kiweleni: seli zinazotengeneza maziwa huchakaa, na zinahitaji muda wa kupokewa na nyingine changa. Hizo changa asili yake ni seli shina.

Seli shina ni seli ambayo bado haijafungwa na kazi moja. Ikigawanyika huacha nyingine mfano wake, na huzaa nyingine ziendazo kwenye kazi maalumu. Mfano tunao shambani: mgomba ukishakatwa mkungu hauzai tena, lakini tunguu lililo ardhini hutoa machipukizi, na matoke hayakauki nyumbani.

Tezi ya maziwa, ya ng'ombe, ya panya au ya mwanamke, haizaliwi kamili. Huanza na vifereji vichache tu. Wakati wa kubalehe homoni ya estrojeni huvirefusha na kuvitia matawi. Mimba ikiingia, homoni za projesteroni na prolaktini huotesha vifuko vya maziwa. Kila kifuko kina tabaka mbili za seli. Za ndani hutengeneza maziwa, za nje hujikaza kama misuli: ndama akigonga kiwele, homoni ya oksitosini huzibana hizo za nje, maziwa yakateremka. Baada ya kuachisha, seli nyingi za maziwa hufa na tezi hunywea. (Kwa panya hufa nyingi mno, lakini ng'ombe, ambaye kwa kawaida hukaushwa akiwa na mimba tayari, hupoteza chache.)

Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne walipandikiza seli moja ya panya kwenye mafuta ya titi yaliyoondolewa tezi, ikaota tezi nzima, tabaka zote mbili. Ikaonekana basi kwamba shina ni moja. Lakini mwaka 2011 wenzao wa Brussels walizitia seli alama za rangi bila kuzihamisha. Kijusi kikiwa tumboni, shina moja lilizaa tabaka zote. Baada ya kuzaliwa, kila tabaka lilijitunza kwa shina lake. Ubishi ukawa mkali. Mimi sioni mgongano mkubwa: seli iliyong'olewa ikapelekwa kwenye shamba tupu hulazimika kufanya kazi ambayo isingeifanya ikibaki kwa majirani zake.