Makorongo ya chini ya bahari: mchanga unapoyavuta maji

Ramani za sakafu ya bahari zinazochorwa kwa mwangwi wa sauti zinaonyesha kingo za mabara zimechanwa na makorongo makubwa zaidi ya 9,000. Korongo la Monterey, pwani ya California, linaanza karibu kabisa na ufuko, na kuta zake mahali fulani zina kimo cha kilomita moja na nusu hivi.

Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba mito ndiyo iliyoyachimba wakati bahari imekupwa, kisha maji yakarudi. Kwa makorongo mengi hesabu inakataa. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi, ilhali makorongo yanateremka hadi kina cha mita 2,000, 3,000 na zaidi. Mediterania ina historia yake ya pekee: zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita ilikauka kwa kiasi kikubwa, na Nile na Rhône zikachimba mabonde marefu kufuata maji yaliyoshuka. Kwingineko tulihitaji mchimbaji anayefanya kazi ndani ya maji yenyewe. Mwaka 1936 mwanajiolojia Reginald Daly alipendekeza kuwa ni maji yenye tope, na ushahidi uliofuata ulimpa haki.

Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Changanya humo lita 10 za chembe za kwatsi, madini ya kawaida ya mchanga, yaani asilimia 1 tu ya ujazo, na mchanganyiko utayazidi maji ya jirani kwa kilo 16 hivi. Hiyo inatosha. Maji yenye tope huzama, hushika sakafu na kuteremka, hata kama mteremko ni wa digrii 3 au 4 tu. Katika mto, maji huteremka na kubeba mchanga. Katika mkondo wa tope, mchanga huteremka na kuyavuta maji. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Mkondo ukipata kasi hukwangua sakafu. Mzigo huongezeka, uzito huongezeka, nao huzidi kwenda mbio. Ukianza kudondosha mzigo, nguvu hupungua, hudondosha zaidi, hatimaye hutulia. Hali ya kwanza huchimba korongo, ya pili hujenga pepeo la mashapo, yaani rundo la mchanga na tope lililotandazwa kama pepeo kwenye sakafu ya bahari.

Mkondo huanzaje? Watu wengi hudhani mto uliofurika huzama moja kwa moja. Ni nadra. Maji ya mto ni matamu na mepesi, hivyo yanahitaji kilo 40 hivi za mashapo kwa kila mita ya ujazo ndipo yazidi maji ya chumvi kwa uzito. Kwa kawaida huelea juu, na tope lake hudondoka polepole na kurundikana kwenye kichwa cha korongo. Tope lililorundikana haraka hunasa maji katikati ya chembe zake. Shinikizo la maji hayo huzizuia chembe kushikamana. Baada ya hapo tetemeko, dhoruba, au hata maji kupwa sana yaweza kuuangusha mteremko mzima. Ndiyo maana mkondo huweza kuja majuma kadhaa baada ya mafuriko yenyewe kwisha.

Kila mkondo unaopita hula kitako cha kuta, kuta huporomoka, na kichwa cha korongo hurudi nyuma kuelekea nchi kavu. Kikifika karibu na pwani hunasa mchanga wa mto au ule unaosukumwa na mawimbi kandokando ya ufuko. Tangu hapo korongo lina mlishaji wa kudumu.

Chini, mteremko unapopungua hadi chini ya digrii 1 na kuta kuisha, mkondo hutanuka. Changarawe hubaki mdomoni. Sehemu ya juu ya mkondo, yenye tope laini, humwagika pande zote mbili za mfereji na kujenga kingo. Mchanga ulio chini huendelea mbali, kisha hutanda kama ulimi. Kadiri kingo zinavyopanda, sakafu ya mfereji nayo huinuka kuliko eneo la jirani, hadi siku ukingo unapobomoka na mfereji kuhama. Ndimi zikilazana hivyo kwa mamilioni ya miaka, umbo linalopatikana ni la pepeo lililokunjuliwa. Pepeo la Ghuba ya Bengal, lililojengwa kwa udongo wa Himalaya, lina urefu wa karibu kilomita 3,000 na kaskazini lina unene wa zaidi ya kilomita 16.

Kila mkondo huacha tabaka lake, na Mholanzi Arnold Bouma alieleza mpangilio huo mwaka 1962: mchanga mnene chini, juu yake mchanga wa mistari iliyonyooka, kisha viwimbi, kisha mistari ya udongo laini, na tope juu kabisa. Ni nadra kuzikuta sehemu zote tano pamoja. Kosa la kawaida ni kutoboa sampuli kwenye ukingo tu, kukuta tope tupu, na kutangaza kuwa mfereji umelala. Kosa jingine ni kupima umri kwa magamba yaliyomo kwenye mchanga, ambayo yalikuwa ya kale kabla ya kusombwa. Kinachofaa ni foraminifera, viumbe vidogo vyenye magamba, waliozikwa katika tope tulivu lililo kati ya tukio na tukio.

Kebo za mawasiliano zimetumika kama saa za mikondo hii. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko karibu na Grand Banks, Kanada, lilikata kebo 12 za simu ya maandishi. Zilizokuwa mbali zilikatika moja baada ya nyingine kuelekea kina kirefu, na muda kati yao ukafichua kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Januari 2020 mkondo ulioanzia kwenye mdomo wa mto Kongo ulisafiri zaidi ya kilomita 1,100, kasi yake ikipanda kutoka mita 5 hadi 8 kwa sekunde, ukakata SAT-3 na WACS, kebo za intaneti zinazopita pwani ya magharibi ya Afrika. Kuifukia kebo hakusaidii ndani ya mfereji unaochimbika kwa mita nyingi kwa tukio moja. Kinga iliyopo ni kuipitisha mbali na mifereji, na pale isipowezekana, kuhakikisha kebo ya akiba haivuki korongo lilelile.