Je, wajua kwa nini Chiang Mai hukimbiwa mwezi Machi?

Anayefanya kazi kwa laptopu na kuhamia mji mwingine kila baada ya miezi kadhaa huuliza kwanza: mvua zinanyesha lini huko? Kwa Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand unaopendwa mno na wahamaji wa kidijitali, jedwali la hali ya hewa humwambia mvua ni Mei hadi Oktoba, na Machi ni jua tupu. Basi anahitimisha kwamba Machi ndio wakati wa kwenda.

Sivyo. Novemba hadi Januari kweli ni miezi mizuri, yenye ubaridi wa kupendeza. Lakini kuanzia Februari mji huanza kugubikwa na moshi, na Machi hali huwa mbaya zaidi. Doi Suthep, mlima wa mita 1,676 ulio mlangoni kabisa pa mji, unaweza kutoweka machoni mchana kweupe. Shirika la Afya Duniani linashauri chembe laini za PM2.5, yaani vumbi jembamba mno la hewani linaloweza kuingia ndani ya mapafu, zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24. Siku mbaya Chiang Mai hupita 100.

Moshi wenyewe ni wa mabaki ya mavuno yanayochomwa mashambani na wa moto wa misituni, na mwingine huvuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Ajabu ni kwamba hauondoki.

Kwa kawaida hewa ya chini hupashwa na ardhi, ikapanda na kuchukua uchafu wake. Ila Chiang Mai imo bondeni. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto upesi, na hewa inayoigusa hupoa. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka milimani na kutuama bondeni, huku tabaka lenye joto likibaki juu yake mithili ya kifuniko cha sufuria. Moshi hupanda, ukafika hapo, ukakwama. Ukitandaa pembeni, milima inauzuia. Jua la mchana hukilegeza kifuniko, usiku kikajifunga tena, ndiyo maana asubuhi mara nyingi huwa mbaya kuliko alasiri. Yaani anga lile lile safi linalosifiwa jedwalini ndilo linalokitengeneza kifuniko hicho.

Miaka haifanani, lakini. Mvua zikiwahi, msimu wa moshi hufupika. Ukame wa El Niño, yaani kipindi ambacho maji ya bahari ya Pasifiki hupata joto kuliko kawaida, ukizidi, moto nao huzidi.

Kwa mtu anayeshinda ndani akifanya kazi, Septemba si mwezi mbaya kama unavyoonekana kwenye jedwali: mvua nyingi hunyesha alasiri au jioni, na huosha hewa. Asipange tu nyumba ya bondeni karibu na mto Ping bila kuuliza. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 mto huo ulifurika hadi katikati ya mji.