Supachaja kwenye Toyota 86 ukiwa Dodoma: usifukuzie geji ya Dar

Ukitafuta mtandaoni habari za kufunga supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, kwenye Toyota 86, karibu namba zote utakazokutana nazo zimepimwa kwenye miji iliyo usawa wa bahari, na mara nyingi kwa petroli yenye okteni kubwa. Seti inaahidi psi 6 za kanieneo ya ziada na nguvu za farasi 280 hivi. Mdau wa Area D anasoma, anapiga hesabu zake, anaagiza. Mzigo unafika, unafungwa vizuri, gari linatolewa barabara ya Iringa kulijaribu, na geji inagoma kwenye psi 5 na kidogo. Hapo simu yangu ya gereji inaanza kuita.

"Fundi, mbona haifiki sita? Hawa jamaa wametuuzia feki nini?"

"Hapana kaka, seti iko sawa. Sisi ndio tuko juu."

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Dar kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 101. Hapa ni kama 89. Maana yake kila pistoni ikishuka inavuta hewa pungufu kwa asilimia 12 hivi. Toyota 86 ya kwanza, ile iliyotoka 2012 na injini ya FA20 ya lita 2, ina farasi 200 kwenye karatasi. Hapa Dodoma una kama 176, tena hujawasha AC. Ndiyo maana mtu akihamishiwa huku kikazi na gari lake analiona zito, analeta gereji abadilishiwe plagi na nozo ambazo hazina kosa lolote.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na krenki kwa mkanda. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba haina kiasi maalumu cha hewa inachoongeza. Inazidisha ile iliyoikuta mlangoni. Seti inayosoma psi 6 Dar inachukua kilopaskali 101 na kuzifikisha 142, yaani mara 1.4. Seti hiyohiyo, puli ileile, ikifika hapa inachukua 89 na kuzifikisha 125. Geji inasoma tofauti ya ndani na nje tu, kwa hiyo itakuonyesha psi 5.2. Hakuna kilichovuja, na mkanda hautelezi. Zile farasi 280 za kwenye tangazo, hapa zitakuwa kama 245. Bado ni nyingi kuliko 176, na barabarani utaziona.

Tabo, ile inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ina nafuu kidogo kwenye hili, kwa sababu inaweza kuachiwa izunguke kasi zaidi mpaka ifikie kanieneo iliyopangiwa. Supachaja imefungwa na krenki. Injini ikizunguka mara 6,000, yenyewe inazunguka kadiri puli inavyoamua, basi.

Sasa ndipo linapokuja wazo ambalo huwa nalikataa hata mteja akinuna: tuweke puli ndogo zaidi ili geji isome sita. Inawezekana, na ni kazi ya mchana mmoja. Puli ndogo inaizungusha supachaja haraka zaidi, uwiano unapanda kutoka 1.4 kwenda kama 1.46, na psi 6 unaipata. Mteja anafurahi. Ijumaa anashuka Dar kwenye harusi. Akishaipita Gairo barabara inaanza kuporomoka kuelekea Dumila, hewa inakuwa nzito kila kilomita, na ile puli ndogo inaendelea kuzidisha bila kujua iko wapi. Akifika Chalinze geji inakaribia psi 6.8, jua kali, gari limejaa watu, na injini yenyewe ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1, yaani silinda inaibana hewa mara 12.5. Injini nyingi zinanoki namna hiyo. Si kwamba dereva alikuwa anakimbiza sana. Alikuwa anavuka lori tu.

Hiyo 12.5 kwa 1 isikupite hivihivi. Toyota wenyewe walipoiwekea MR2 supachaja mwaka 1986, kwenye injini ya 4A-GZE, waliushusha mgandamizo hadi 8 kwa 1 ili kupata nafasi. Wewe unataka kubandika supachaja juu ya injini iliyotengenezwa ivute hewa yenyewe, na mgandamizo wake umeshakaa juu. Inafanyika, na zipo 86 nyingi duniani zinazotembea hivyo miaka na miaka, lakini akiba ya kukosea ni ndogo. Busti (kanieneo ya ziada) kidogo, joto dogo, taimingi (wakati wa kupiga cheche) ya upole. Anayetaka zaidi ya hapo aanze kwa kufungua injini aweke pistoni na konrodi imara, na hayo ni mazungumzo mengine na bajeti nyingine.

Kuhusu aina, nitakwenda haraka. Zipo za rota mbili zinazosukuma hewa kama ilivyo, kizazi cha mashine ambayo ndugu wawili wa Roots kule Indiana walipata hataza yake mwaka 1860. Hizo ndizo nyingi mmezikuta kwenye Benz zenye maandishi ya Kompressor nyuma. Zipo za skrubu mbili, ambazo zinaibana hewa ndani kwa ndani na hazichemshi sana. Halafu zipo za feni, zinazofanana na nusu ya tabo, ambazo busti yake inapanda kwa kadiri injini inavyozungushwa. Kwa 86 inayokaa mjini, kati ya Kisasa na Mtumba, mimi napendelea skrubu, kwa sababu injini hii ina shimo la nguvu kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 na skrubu inalifukia. Ya feni ni rahisi kuifunga na inaionea huruma injini huku chini, ila utamu wake uko juu, mahali ambapo kwenye barabara zetu utakutana na tochi ya trafiki kabla hujaufaidi.

Kabla ya spana yoyote, napima mgandamizo wa silinda zote nne. Hapa pia mwinuko unadanganya watu. Kitabu cha gari kinatoa namba ya usawa wa bahari. Dodoma geji itasoma pungufu kwa asilimia 10 hadi 12 hata injini ikiwa nzima, na nimeshaona injini safi zikihukumiwa kwamba ringi zimekwisha kwa sababu fundi alilinganisha na kitabu bila kufikiri yuko wapi. Ninachotazama zaidi ni silinda kulingana zenyewe kwa zenyewe. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, supachaja inasubiri.

Nikiwa hapo nabadilisha plagi. FA20 imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo plagi hazikutazami juu kama za Altezza. Zimeelekea kwenye bodi, mkono unapita kwa shida, na betri na boksi la eakilina lazima vitoke. Naweka plagi baridi zaidi kwa daraja moja, yaani zinazotoa joto haraka, na mwanya naupunguza hadi kama milimita 0.7, maana hewa iliyobanwa inaizima cheche ya mwanya mpana.

Kwenye ufungaji wenyewe, kitu kinachonila muda ni mkanda. Supachaja inakula nguvu nyingi kupitia mkanda mmoja wenye mifereji, na puli zote lazima zikae kwenye mstari mmoja. Nalaza rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa puli ya krenki hadi ya supachaja na kutazama mwanga upande wa pili. Ukiona mwanga, hata wembamba wa wembe, bano halijakaa. Kuna bolti haijafika mwisho au rangi imeganda kwenye kiti cha bolti. Ukipuuza, mkanda utakwambia. Baada ya siku chache unakuta unga mweusi laini umetapakaa kwenye bano, kingo za mkanda zimechanika nyuzi, na asubuhi ukiwasha unalia. Watu wanaukaza zaidi ili unyamaze, na hapo wanahamishia mzigo kwenye beringi ya supachaja na ya mbele ya krenki. Mkanda unaolia nauangalia mstari kwanza, ukazaji baadaye.

Kuna vali ya kurudisha hewa ambayo baadhi ya mafundi wanaiziba wakidhani inapoteza busti. Iacheni. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida na throto imefungwa nusu, inaifungulia hewa izunguke, supachaja isifanye kazi ya bure na kupasha joto. Mpira wake wa vakyumu ukikatika, gari linakula petroli na boneti inachemka hata foleni ya Majengo.

Joto ndilo adui mkubwa. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara 1.4 na supachaja ya ufanisi wa kawaida inatoka ikiwa imepita nyuzi 80. Hewa ya moto hivyo ni nyembamba, tena inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Kwa hiyo intakula, kipoza cha hewa iliyobanwa, si urembo. Nachagua ya maji, yenye rejeta yake ndogo mbele na pampu ya umeme, na pampu hiyo naipa fyuzi yake peke yake. Msisahau pia kwamba hewa yetu nyepesi inapoza rejeta kidogo kuliko ya pwani, ile ya injini na hii ya pili. Feni zifanye kazi kweli.

Halafu vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba hapa hakuna mvua ya maana, upepo unavuma, na mji unajengwa kila kona, malori ya kokoto yanapishana mchana kutwa. Seti nyingi zinakuja na filta ya koni iliyo wazi, imepakwa mafuta, na inakaa chini karibu na bampa. Kwa Dodoma hapana. Rota za supachaja zinapishana kwa nafasi ndogo mno na zimepakwa tabaka jembamba. Vumbi linalikwangua, nafasi inaongezeka, busti inapungua polepole bila kelele. Natumia boksi lililofungwa lenye filta ya karatasi, na mdomo wake nauweka juu kadiri inavyowezekana. Kila kiungo cha mpira kabla ya supachaja nakijaribu kwa moshi. Kiungo kinachovuja baada ya supachaja kinakupotezea nguvu. Kinachovuja kabla yake kinanyonya mchanga.

Kutyuni ndiyo sehemu ambayo mteja anataka kubana pesa, na ndiyo sehemu ambayo siwezi kubana. Kontrol boksi ya 86, kompyuta ya injini, inaandikwa upya kwa programu ya ECUTek, na sensa ya kanieneo ya kiwandani nabadilisha niweke inayosoma juu zaidi. Kwenye busti nataka mchanganyiko wa hewa na petroli wa kati ya 11.5 na 12 kwa 1, wakati kwenye mwendo wa kawaida unabaki 14.7. Petroli ninayotyunia ni ile mteja atakayoinunua kila siku, siyo dumu lililochanganywa chupa za kuongeza okteni.

Lakini jambo kubwa ni hili: ukityuni Dodoma tu, kuna sehemu ya jedwali la taimingi ndani ya kontrol boksi ambayo gari halijawahi kuigusa. Kontrol boksi inapanga taimingi kwa kanieneo kamili, siyo kwa namba ya geji. Hapa nafika kilopaskali 125. Dar gari litafika 142, na zile safu zote za kati ya 125 na 142 zitakuwa zimejazwa kwa kukisia. Mimi nazijaza taimingi ya nyuma sana, cheche ichelewe, mpaka nishuke nazo. Nusu ya kazi naifanya hapa mchana wa Oktoba au Novemba, jua likiwa kali, na nusu nyingine chini ya Dumila au kuelekea Morogoro, laptopu mapajani kwa mwenzangu, mimi kwenye usukani. Mteja analipia mafuta ya safari hiyo. Asiyetaka, namwandikia kwenye risiti kwamba gari limetyuniwa kwa ajili ya huku juu na likishuka lisikanyagwe hadi mwisho.

Mambo mengine ni mafupi. Klachi ya kiwandani inaweza kuhimili kwa muda kama dereva ni mtulivu. Wengi si watulivu. Oili nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi, maana gari lililobadilishwa bila taarifa linawapa sababu ya kukataa kulipa.

Baada ya kilomita 500 gari lirudi. Mkanda mpya huwa umeshalegea kidogo, klipu za mipira zinahitaji kukazwa, na maji ya intakula yanakuwa yameshuka kwa sababu hewa iliyobaki ndani imetoka. Nasoma kumbukumbu za kontrol boksi kuona ni wapi imeirudisha taimingi nyuma kwa kusikia injini ikigonga. Mara mojamoja, silinda tofauti, si neno. Ikiwa ni silinda ileile kila mara, plagi yake inatoka siku hiyohiyo, hata kama ni ile ya nyuma isiyofikika.