Umelima saa ngapi? Dhana potofu kuhusu takwimu za kazi

Dhana: Mkulima akijibu kwa moyo mweupe, jibu lake ni sahihi.

Hapana. Wengi wetu tukisikia kwamba utafiti una upendeleo, yaani majibu yake yameegemea upande mmoja, tunafikiria kuna mtu kadanganya. Hebu mtazame mdadisi amekaa kwenye kigoda uani, dodoso mapajani, mavuno yameshaingia ndani. Anamuuliza mama: "Palizi ya kwanza, lile shamba la mtoni, ulikwenda siku ngapi? Na kila siku ulifanya kazi saa ngapi?"

Palizi hiyo ilikuwa miezi minne nyuma. Siku moja mama alitoka alfajiri akarudi adhuhuri. Siku nyingine mvua ilimfukuza mapema, nyingine mtoto alishikwa na homa, hakwenda kabisa. Sasa anatakiwa apige wastani wa siku zisizofanana, kichwani, papo hapo. Anasema: "Saa sita." Hajamdanganya mtu.

Mwaka 2014 watafiti walilipima jambo hili mkoani Mara, Tanzania. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine ziliulizwa kila wiki msimu mzima, nyingine mara moja tu baada ya msimu. Walioulizwa mwishoni walitaja saa nyingi zaidi kwa kila mtu na kila shamba, hadi mara nne ya walioulizwa kila wiki. Lakini pia walisahau baadhi ya mashamba, na baadhi ya watu waliofanya kazi humo. Kosa moja linapandisha hesabu, jingine linaishusha.

Dhana: Mkulima mdogo anahangaika kutwa, anavuna kiduchu.

Dhana hii inaniuma, kwa sababu imezaa maneno mengi ya kumdharau mkulima. Tija ni mavuno yaliyogawanywa kwa saa za kazi. Ukizidisha saa kimakosa, tija inashuka kwenye karatasi bila jembe kubadilika. Huenda tatizo la mkulima si kwamba saa yake ya kazi haizai, bali ni kwamba msimu haumpi saa za kutosha. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Dhana: Waulize watu wengi zaidi, kosa litakwisha.

Wingi wa watu hupunguza makosa ya kubahatisha tu. Mizani iliyochezewa, upime gunia moja au elfu, itakupunja upande ule ule.

Dhana: Yeyote aliyepo nyumbani anaweza kuwajibia wengine.

Jaribio jingine lililofanyika Tanzania lilitumia njia nne: dodoso fupi au refu, na mtu kujijibia au kujibiwa na mwenzake. Kiwango cha watu walio kwenye nguvu kazi, yaani wanaofanya kazi au wanaoitafuta, kilitofautiana hadi kwa pointi 10 za asilimia, nchi ikiwa ile ile. Kujibiwa na mwingine kulishusha kiwango cha wanaume, cha wanawake hakikuguswa. Wengi wangetarajia kinyume chake.

Kilichowaficha wanawake ni dodoso fupi. Muulize mtu "Unafanya kazi?" atakujibu "Niko nyumbani tu," na karai la mandazi bado lina moto. Lazima umuulize moja moja: wiki iliyopita ulilima? Uliuza chochote? Ulimsaidia ndugu dukani?

Dhana: Kiwango cha ajira kikishuka, watu wamepoteza kazi.

Wakati mwingine kilichobadilika ni maana ya neno. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu za kazi, uliofanyika Geneva, uliamua kwamba anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani anafanya kazi, ila hahesabiwi kuwa kwenye ajira. Mama yule wa shamba la mtoni, kama mahindi yake yote yanaishia kwenye sufuria yake na hana shughuli nyingine ya kumwingizia pesa, kwa kipimo hicho hana ajira, hata akipalilia saa sita kila siku.