Kava si kila toleo jipya la wimbo

Kava ni rekodi mpya ya wimbo uliokwisha kutolewa, inayofanywa na msanii asiye yule aliyeutoa kwanza. Siku hizi, hata hivyo, jina hilo hubandikwa kwenye kila toleo lisilofanana na lile tulilolizoea, na kinachopotea ni tofauti kati ya wimbo, yaani maneno na lahani, na rekodi, yaani sauti zilizonaswa studioni.

Wimbo unaoteswa zaidi na mkanganyiko huu ni "The Sound of Silence". Simon na Garfunkel, waimbaji wawili wa Marekani, waliurekodi mwaka 1964 kwa magitaa yasiyo ya umeme. Albamu yenye rekodi hiyo haikupata wanunuzi wengi, na Paul Simon, mtunzi wa wimbo, akaenda Uingereza, ambako mwaka 1965 aliurekodi tena akiwa peke yake. Hiyo haikuwa kava, kwani mtunzi hawezi kuazima wimbo wake mwenyewe. Mwaka huohuo prodyuza Tom Wilson aliichukua rekodi ya 1964 na, bila kuwaarifu wenyewe, akaongeza gitaa la umeme, besi na ngoma, na Januari 1966 toleo hilo likashika namba moja Marekani. Wengi huliita kava, ilhali hakuna hata neno moja lililoimbwa upya: sauti ni zilezile, za kipindi kilekile cha studio, na kazi ya Wilson, iliyo nzuri mno kwa masikio yangu, iko karibu zaidi na rimiksi, yaani rekodi ileile iliyofanyiwa kazi upya.

Kava ni ile ya kundi la The Bachelors ya mwaka 1966, na ile ya bendi ya Disturbed ya mwaka 2015, ambamo mwimbaji wao David Draiman anaanza kwa sauti nzito ya chini juu ya piano, kisha anapanda pamoja na okestra hadi karibu na kilio. Sheria nayo huzitenganisha kazi hizi: nchini Marekani, anayefanya kava ya wimbo uliokwisha kutolewa hahitaji idhini ya mtunzi maadamu analipa mrabaha uliowekwa, lakini anayetaka kuigusa rekodi yenyewe lazima aruhusiwe na mwenye rekodi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika kwamba Disturbed "wamefanya rimiksi" ya kava ya mwaka 1966, mkimaanisha toleo la Wilson, naomba mbadilishe nafasi za maneno hayo mawili, "rimiksi" na "kava".