Chicago haikuanzishwa na Kinzie

Kwa miaka mingi vitabu vya Marekani vilimwita John Kinzie, mfanyabiashara mzungu, baba wa Chicago. Sivyo. Kinzie alihamia pale mwaka 1804, akaingia kwenye nyumba ya mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, aliyekuwa ameishi na mkewe Kitihawa, wa Wapotawatomi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, pale Mto Chicago ulipokuwa ukiingia Ziwa Michigan.

Wala hakikuwa kibanda cha mwindaji. Hati ya mwaka 1800, Du Sable alipouza makazi yake, inataja kinu, chumba cha kuokea mikate, mazizi, ng'ombe 30, nguruwe 38, hata kuku: 44, wamehesabiwa! Mnunuzi alikuwa Jean La Lime. Na mmoja wa mashahidi waliotia saini? Kinzie mwenyewe.

Jiji lilikuja baadaye sana. Lilipopewa hadhi hiyo mwaka 1837 lilikuwa na watu 4,000 na ushei. Kilicholikuza ni mfereji na reli, vyote vya mwaka 1848. Kufikia 1860 wakazi walishapita 100,000. Barabara maarufu ya kando ya ziwa imeongezewa jina la Du Sable mwaka 2021, juzi tu.