Mpango wa matunzo ya mtoto hauishii kwenye sahihi
Wengi huamini kwamba mtoto akishapelekwa kwa bibi au kwenye makao ya watoto, na mpango wake wa matunzo (karatasi inayoeleza nani atamlea na vipi) ukasainiwa, kazi imekwisha. Sivyo. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka kwa matunzo au ulinzi haki ya hali yake kupitiwa mara kwa mara. Maisha husogea: karatasi inasema yuko darasa la tatu, analelewa na bibi, kumbe yuko la tano, bibi anaugua, shangazi ndiye anayepika. Mlezi, muulize afisa ustawi wa jamii: mpango ulipitiwa lini mara ya mwisho, kilibadilishwa nini, tarehe ijayo lini? Na mtoto mwenyewe, aliulizwa?